Nyuzi Nane Zilizoshuka Sawasawa

Bati lilikutwa limekufa asubuhi, ndani ya sanduku lake, linang'aa kama kawaida.

Bati ndilo jina ambalo bendi nzima iliipa mandolini, kigitaa cha nyuzi nane, ya mpigaji wao marehemu. Mwili wake ulikuwa wa chuma kilichopakwa nikeli, na nikeli hiyo ilikuwa imekwanguka sehemu moja tu, pale marehemu alipokuwa akiegemeza mkono wa kulia kwa zaidi ya miaka thelathini. Chini ya mfuniko wenye matundu kulikuwa na koni ya alumini, nyembamba kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na koni hiyo ndiyo iliyokuwa sauti yote. Mandolini za mbao husema. Bati lilikuwa linafoka. Ukilipiga jukwaani bila spika, aliyekwenda chooni analisikia na anarudi mbio.

Binti wa marehemu alilipakata, akapiga mara moja. Ikatoka sauti ya sufuria lenye uji ndani. Akapiga tena. Uji uleule.

"Shangazi! Shangazi, njoo!"

Shangazi yake alikuwa anafagia jukwaa. Mama huyu alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa mwangalizi wa ukumbi, lakini cheo kiligoma kustaafu naye. Mtaa mzima ulimwita Sajenti. Hata ufagio alikuwa anaushika kama anataka ukiri kitu.

"Kuna nini? Umeona panya?"

"Bati halilii."

"Halilii vipi? Jana mchana si ulikuwa unatutoboa masikio?"

"Sikiliza mwenyewe." Binti akapiga. Sajenti akasimama na ufagio wake katikati ya mlango wa stoo, na uso ukambadilika. Marehemu alikuwa kaka yake, tumbo moja, na sauti ile alikuwa anaijua kuliko sauti ya mume wake.

Na siku yenyewe ilikuwa hiyo. Jioni watu wa redio walikuwa wanakuja kurekodi na kurusha moja kwa moja. Kanda zote za zamani za bendi zilikuwa zimeharibiwa na maji, hakuna hata moja iliyopona, kwa hiyo sauti ya Bati haikuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya Bati lenyewe. Leo ndiyo ilikuwa inakwenda kuhifadhiwa.

Binti akalibeba mpaka kwenye kinanda cha ukumbini, akabonyeza kibao kimoja, akagusa uzi, akabonyeza kingine. "Na limeshuka pia," akasema. "Limeshuka vibao viwili vizima."

"Uzi gani?"

"Zote nane."

"Na zenyewe kwa zenyewe zinapatana?"

Binti akazigusa jozi zote nne, moja moja. "Zinapatana kabisa. Ila zote ziko chini."

Sajenti aliliweka neno hilo kichwani, akampigia simu fundi.

Fundi wa vyombo vya muziki alifika na mkoba wake wa ngozi na hasira zake za siku zote. Wiki iliyopita aligombana na Binti hadharani, kisa Binti alimpelekea Bati fundi mwingine akabadilishe nyuzi. Siku hiyo alisema maneno mazito, na watu waliyasikia: "Iko siku mtaniletea hilo bati limekufa, ndipo mtanijua mimi ni nani." Sasa limekufa kweli, na Sajenti alisimama nyuma ya bega lake akiangalia vidole vyake tu.

Fundi alilegeza nyuzi kwanza. "Mfuniko hautoki mpaka ulegeze nyuzi," akasema, "maana zinapita juu yake. Nasema mapema, usije ukaniambia nimevuruga." Akachukua bisibisi ndogo ya mdomo bapa, akafungua skrubu za mfuniko, akanyanyua.

Koni ilikuwa imebonyea katikati. Bonyeo moja, la mviringo, la ukubwa wa kidole gumba.

"Lahaula," fundi akasema taratibu. "Hili halikuanguka. Huyu mtu amefungua, akatoa kidaraja kinachobeba nyuzi, akabonyeza, akarudisha kila kitu mahali pake. Tazama skrubu. Hazina hata mkwaruzo."

"Unaweza kubadilisha?" Binti akauliza.

"Koni kama hii hutengenezewa mbali. Uiagize leo, ije ikipenda. Naweza kuisukuma irudi juu kwa mgongo wa kijiko. Itatoa sauti, lakini itakuwa imekauka koo. Haitakuwa ile."

Binti akaziba uso. Sajenti alimshika bega, na hapo ndipo alipoapa, kwa sauti ya chini ambayo wahalifu wa zamani walikuwa wanaiogopa kuliko kofi. "Aliyefanya hivi nitampata kabla watu wa redio hawajatandaza nyaya zao. Na nikimpata, ataniomba mwenyewe nimpeleke kituoni, maana nitakachomfanya kabla ya hapo atakikumbuka mpaka anaingia kaburini."

Akamgeukia fundi. "Tuanze na wewe."

"Mimi?"

"Jana baada ya Binti kufunga sanduku, ufunguo wa stoo niliutoa kwa watu watatu tu. Kidevu wa gitaa aliingiza spika zake. Chiriku wa cherehani alileta sare za bendi. Na wewe ulikuja kuchukua gundi ya kinanda. Usiku ufunguo nililala nao."

"Sajenti, mimi nina ulimi mbaya, nakubali. Lakini hebu angalia." Fundi akatoa simu, akaiwasha, na mshale mdogo ukaanza kucheza kwenye kioo. "Mimi sikazi uzi bila kipimo hiki cha sauti. Siwezi, sikio langu ni la kufungulia skrubu tu. Ningefungua mimi, nyuzi ungezikuta pale pale zilipokuwa jana. Zisingeshuka hata chembe."

"Wewe si ungesema zimeshushwa na hewa?"

"Hewa!" Fundi akacheka kwa dharau. "Hewa inashusha uzi huu kidogo na ule zaidi, kila mmoja kwa tabia yake. Nyuzi nane zikishuka sawasawa, vibao viwili vizima, na bado zinapatana, hiyo hewa imesomea muziki."

Sajenti alikuwa ameshafika huko zamani. Alitaka tu kuona kama fundi ataikimbilia hewa. Hakuikimbilia, na hilo likawa upande wake. Akamwambia aanze kazi ya kijiko, akamwacha Binti amlinde, akatoka.

Duka la Chiriku lilikuwa karibu, kwa hiyo alianzia huko, ingawa moyoni aliona anapoteza muda. Chiriku alikuwa fundi cherehani. Zamani sana alikuwa mwimbaji wa kwanza wa bendi, ndiko alikolipata jina hilo, halafu sauti ikamkatika na akaingia kwenye ushonaji. Wakati huo Sajenti alikuwa kwenye kituo cha mbali, hayo alisimuliwa tu. Alimjua Chiriku kama mtu mpole anayeshonea bendi sare mwaka nenda mwaka rudi, na ambaye maneno yake unaweza kuyahesabu kwa vifungo vya shati.

"Karibu, dada," Chiriku akasema bila kuinuka. Alikuwa ameinamia cherehani, anakaza skrubu yake kwa bisibisi ndogo. "Keti hapo, sogeza hicho kitambaa."

"Sikai. Bati limeharibiwa."

Mkono wa Chiriku ukasimama. "Limeharibiwa vipi?"

"Mtu amelibonyeza koni. Jana uliingia stoo. Ulimkuta nani?"

"Sikumkuta mtu. Spika za Kidevu zilikuwepo tayari. Nilitundika makoti, nikanyoosha kola mbili tatu, nikafunga, nikakuletea ufunguo. Ukanipa chai." Akatikisa kichwa. "Pole, dada. Pole sana. Na mtoto?"

"Analia."

"Lazima alie," Chiriku akasema, na akarudi kwenye skrubu yake.

Sajenti alimuaga, akaenda kwa yule aliyekuwa anamtaka hasa.

Kidevu alikuwa mpiga gitaa wa bendi tangu siku ya kwanza, na mchana alikuwa kinyozi. Ndevu zake mwenyewe zilifika kifuani, na wateja walikuwa hawaishi kumuuliza kwa nini daktari hanywi dawa. Kwa miaka mingi alinung'unika kwamba Bati linamfunika, kwamba watu hawajui hata kama bendi ina gitaa. Marehemu alipokufa alitegemea Bati litazikwa kimya kimya na gitaa lipande mbele. Badala yake alipandishwa mtoto wa kike na Bati lake.

Alikuwa na mteja kitini, mapovu mpaka masikioni.

"Endelea kunyoa," Sajenti akasema. "Nitauliza huku unafanya kazi. Jana ulikaa stoo muda gani?"

"Muda wa kushusha spika na kufuta jasho. Kwa nini?"

"Bati limeuliwa."

Wembe ukasimama hewani. Mteja akafumbua jicho moja.

"Mungu wangu," Kidevu akasema. "Na unakuja kwangu."

"Ni nani aliyesema hilo bati linamfunika?"

"Nimesema mara elfu! Nimesema mbele ya marehemu, mbele yako, mbele ya mke wangu. Mtu anayetaka kuua anatangaza kwa kipaza sauti?"

"Wapo. Nimewafunga." Sajenti akanyoosha mkono. "Mkoba wako wa vifaa vya gitaa uko hapo nyuma. Nionyeshe bisibisi yako."

Kidevu alimletea. Ilikuwa moja, kubwa, yenye kichwa cha nyota. Sajenti aliigeuza mkononi na moyo ukamsinyaa kidogo, kwa sababu skrubu za Bati zilikuwa za mfereji mmoja, ndogo, na hazikuwa na mkwaruzo. Kwa chuma hiki zingetoka zimechubuka zote, kama zingekubali kutoka.

"Gitaa lako jana lilikuwa wapi?"

"Stoo. Nililitanguliza na spika, liko huko mpaka sasa."

"Limekazwa?"

"Gitaa langu halilali limelegea. Kwani vipi?"

Sajenti akavuta stuli akaketi. Alikuwa anafikiri kwa sauti, jambo ambalo askari wenzake walilijua na kuliheshimu. "Mtu amelegeza nyuzi za Bati ili afungue mfuniko. Amemaliza, anataka kuficha, anakaza tena. Anakaza kwa kufuata nini? Ungekuwa wewe, gitaa lako liko hapo hapo, ungefuata gitaa. Lingekaa pale linapokaa siku zote. Huyu hakugusa gitaa. Hakuwa na kipimo. Kinanda kiko ukumbini, angekibonyeza ningemsikia. Amekaza kwa kichwa chake, akalipeleka vibao viwili chini, na akaridhika. Sikio lake lilimwambia hapo ni penyewe."

Kidevu alikuwa ameacha kunyoa kabisa.

"Vibao viwili chini?" akauliza.

"Viwili vizima."

"Zamani tulikuwa tunapiga hapo."

Mteja alikuwa sasa amefumbua macho yote mawili, na hakuna aliyemjali.

"Zamani lini?"

"Zamani, bendi ikiwa changa. Halafu marehemu akapandisha. Tangu hapo hatujashuka, na mimi mwenyewe nimeshasahau huko chini kukoje."

"Alipandisha kwa nini?"

Kidevu akaufuta wembe kwenye taulo, akaufuta tena. "Mambo ya zamani, Sajenti. Tulipata mwimbaji mpya mwenye sauti ya juu."

"Baada ya nani?"

Kidevu akatupa jicho upande wa duka la Chiriku. Sajenti aliinuka, na alikuwa na hasira maradufu, kwa sababu mtu huyo alimkaribisha, akamwita dada, akampa pole. Na yeye Sajenti, mwenye pua iliyofunga majambazi, alimpa mtu huyo ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia achukue muda wake, kisha akamwekea sukari kwenye chai.

"Mmalizie huyu bwana shavu la pili," akamwambia Kidevu, "halafu unifuate."

Mchana jua lilikuwa kali waliposimama mbele ya duka la Chiriku: Sajenti, Kidevu, na Binti na Bati lake kifuani. Fundi alikuwa ameisukuma koni, akarudisha mfuniko na nyuzi. Sajenti alimwagiza azikaze pale pale zilipokutwa asubuhi, vibao viwili chini, wala asiulize kwa nini.

Makoti ya bendi mengine yalikuwa bado yananing'inia dukani yakisubiri vifungo. Chiriku aliwatazama mmoja mmoja, akavua miwani.

"Fundi amejitahidi," Sajenti akasema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Jioni tutapiga hivyo hivyo. Sasa mtoto anataka kuufanyia mazoezi ule wimbo wa kwanza wa bendi, na kinanda fundi ametoka kukipaka gundi. Nikamwambia, mwenye wimbo yupo. Mpe sauti ya kuanzia."

Chiriku hakuelewa mara moja. "Mimi?"

"Ni nani mwingine aliyeuimba kabla yako?"

Jamani, uso ule! Mtu wa makamo, mwenye pini mdomoni, akawa kijana. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwomba kitu hicho. Watu walimwomba awapunguzie suruali. Akatoa pini, akazichoma kwenye mto wake mdogo, akasafisha koo, akaangalia ukutani ili asiangaliwe. Akafungua mdomo, akatoa neno la kwanza la wimbo. Halikuwa na nguvu, lakini lilikuwa safi, limenyooka.

"Binti," Sajenti akasema.

Binti akagusa uzi. Ilikuwa sauti ileile. Koo na uzi vilikaa mahali pamoja, hakuna kilichomzidi mwenzake hata unywele.

Kidevu akaweka mkono usoni. Chiriku aligeuka akitabasamu bado, akitaka kuona kama amepatia, na akaona jinsi wanavyomtazama.

"Hapo ndipo ulipolikaza jana," Sajenti akasema. Ulaini wote ulikuwa umekwisha. "Duniani amebaki mtu mmoja ambaye wimbo huu kwake unaanzia hapo. Wengine wote tumepanda. Ulifungua kwa hiyo bisibisi ya cherehani. Ulibonyeza kwa kidole gumba. Ukarudisha skrubu kwa mkono wa mtu anayeshona vifungo. Kisha ukaja ukanywa chai yangu."

Chiriku aliketi. Alitazama mikono yake, kisha akatazama Bati.

"Sikujua kama nimelikaza huko," akasema. "Nilidhani nimelirudisha."

"Kwa nini?" Binti alipiga kelele. "Baba alikushonesha sare miaka yote! Alikukosea nini?"

"Mwulize huyo." Alimnyooshea Kidevu kidole.

Kidevu alikuwa anaangalia chini.

"Sema, Kidevu," Chiriku akasema. "Wewe ulikuwepo. Au niseme mimi, nieleze na wewe ulivyocheka?"

"Alitukazia gitaa mchana," Kidevu akasema polepole. "Marehemu. Alipandisha vyombo vyote, vibao viwili, akatuambia asiambiwe Chiriku. Akasema ni mzaha tu. Ule wimbo Chiriku alikuwa anaufikia kwa ncha za vidole hata kule chini. Siku hiyo ukumbi ulikuwa umejaa..."

"Nikafika kwenye kiitikio," Chiriku akadakia, "sauti ikapasuka. Nikadhani naumwa. Nikarudia, ikapasuka tena, na yeye anakazana kupiga, ananiangalia, anatabasamu. Watu wakaanza kucheka. Wakanizomea, Sajenti, wale wale waliokuwa wanakuja kwa ajili ya koo langu. Kumbe hilo ndilo lilikuwa linamuuma. Walikuwa wanakuja kwa ajili yangu, siyo kwa ajili ya bati lake. Angeniambia ondoka, ningeondoka. Hakusema. Alinifukuza kwa kicheko, na kwa miezi nililala nikidhani Mungu amenivunja koo. Mpaka huyu Kidevu alipolewa akaniambia."

"Kwa nini hukumwendea?" Sajenti akauliza.

"Nilimwendea. Akasema nimeota. Nikasubiri. Nikamshonea makoti nikisubiri, maana nilitaka niwe karibu siku atakapolisema. Akafa hajalisema. Kwenye mazishi yake nikasimama nyuma, na wewe ukashika kipaza sauti ukasema, ndugu yangu hakuwahi kumkosea mtu. Watu wakaitikia. Nikaitikia na mimi, mdomo wangu mwenyewe!" Aligonga meza, mkasi ukaruka. "Leo mnataka kuihifadhi sauti yake milele, na yangu haiko popote. Basi nikasema na yeye akauke koo mbele ya watu. Mtenda akitendewa, huona kaonewa. Haya, nishike. Nipeleke kituoni. Lakini huko wataniuliza kwa nini, na mimi nitajibu."

"Shangazi, mpeleke," Binti akasema huku analia. "Mpeleke tu. Baba ameshakufa, atamfanya nini?"

"Sajenti, mwache," Kidevu akasema. "Nakuomba. Ukimfikisha kule, jina la marehemu litaburuzwa. Leo, siku ya redio! Malizeni humu humu."

Sajenti aliwasikia wote wawili. Alimfikiria kaka yake, alivyokuwa anamfunga kamba za viatu yeye Sajenti akiwa mdogo, na akamfikiria akitabasamu juu ya jukwaa huku mwenzake anapasuka sauti. Aliamini. Alikuwa amesikiliza waongo maisha yake yote, na huyu hakuwa mmoja wao. Hilo lilimuuma sana, na kwa mtu wa aina yake maumivu hayakai maumivu kwa muda mrefu.

"Jioni uje ukumbini," akamwambia Chiriku. "Uvae vizuri. Ukae safu ya mbele, katikati."

"Kufanya nini?"

"Usipokuja nitakufuata."

Ukumbi ulijaa mapema. Watu wa redio walikuwa wametandaza nyaya, taa nyekundu ikawaka, mtangazaji akasema maneno matamu kuhusu marehemu, halafu akamkaribisha dada yake aseme mawili matatu. Sajenti alipanda akiwa na gauni lake la kanisani. Chiriku alikuwa safu ya mbele, katikati, kama alivyoambiwa, katika koti alilojishonea mwenyewe.

"Kwenye mazishi nilisema ndugu yangu hakumkosea mtu," Sajenti akasema. "Nilisema uongo bila kujua. Leo najua."

Na akasimulia. Hakupunguza wala hakuongeza. Alisema vibao viwili, alisema mzaha, alisema tabasamu, na jina la kaka yake likaenda hewani mpaka kwenye kila nyumba iliyokuwa na redio. Binti jukwaani aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chuma cha Bati. "Mtu huyo hakuvunjika koo," Sajenti akamalizia. "Alihujumiwa. Yuko hapo mbele. Wengi wenu mlimcheka. Mtazameni."

Watu walimtazama. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na mwingine, na wazee waliokuwepo usiku ule wakasimama. Chiriku alikuwa analia waziwazi, hafuti. Mzee aliyekaa pembeni yake akainuka akamnyooshea mkono, akisema, "Tusamehe, ndugu yangu, tusamehe." Chiriku akainuka naye, akanyoosha wake.

Sajenti aliwaacha. Alisubiri kwa makusudi, alisubiri mpaka akaona usoni mwa mtu yule kwamba ameamini, kwamba amerudishiwa kila kitu alichoibiwa.

"Sijamaliza," akasema.

Makofi yakapungua.

"Jana mchana, mtu huyo huyo aliingia stoo kwa ufunguo niliompa mimi. Akamfungulia mtoto yatima chombo cha baba yake, akakibonyeza koni, akafunga. Mtoto huyu alikuwa hajazaliwa usiku mliomcheka. Sauti ya Bati mnayoijua hamtaisikia tena, wala wajukuu zenu hawataisikia. Mtakachosikia sasa ndicho alichotuachia." Akamgeukia Binti. "Piga, mwanangu."

Mkono wa yule mzee ulikuwa bado hewani. Aliutazama kama si wake, akaurudisha mfukoni.

Binti alipiga. Bati lilitoa sauti iliyokauka, yenye mchakacho nyuma ya kila noti, na ndiyo hiyo iliyoingia kwenye mashine za redio na kuhifadhiwa. Chiriku alibaki amesimama peke yake. Alitaka kutoka, akageukia upande mmoja wa safu, akageukia wa pili. Hakuna aliyevuta magoti ili apite.